Noti ya Simba Kwenye Pindo la Kanga

Assalaam alaykum Mwalimu,

Mimi ni mjane, mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Kondoa, lakini nimekaa Dodoma mjini tangu nilipoolewa. Nina kibanda Soko la Majengo. Nauza vitenge, mashuka, mapazia na yale mablanketi mazito ambayo kipupwe cha hapa kikianza kila mtu anayatafuta. Biashara hii alinianzishia marehemu mume wangu, na ndiyo iliyonisomeshea watoto.

Jambo langu linamhusu mwanangu wa pili, ana miaka 21, anaendesha bodaboda ya mtu. Huko nyuma alikuwa kijana wa vijiweni. Swala ya Ijumaa tu, tena mpaka nimsukume. Mwaka jana Mwenyezi Mungu akamgeuza moyo. Akaacha sigara, akaanza kwenda kwenye darsa, swala tano hazimpiti. Mwalimu, nililia kwa furaha, na nakuomba usinielewe vibaya, sitaki arudi alikotoka.

Lakini tangu Ramadhani iliyopita nyumba imekuwa ngumu kwa sababu ya picha.

Ilianza na pesa. Siku moja amerudi kazini akanikuta natandika mswala, na mauzo ya siku nimeyafunga kwenye pindo la kanga kama ilivyo kawaida yangu. Akasema, "Mama, zitoe hizo hela kwanza. Zina picha za simba na za watu, swala haisihi." Nikadhani anatania. Nikamuuliza, sasa swala zangu za miaka yote hii? Akainama, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Allah ndiye ajuaye, lakini kwa dalili nilizosikia zimekwenda bure." Neno hilo "bure" limenikaa kifuani mpaka leo. Nipo sokoni mwaka wa 22 sasa. Sijawahi kuswali Adhuhuri pale bila pesa mwilini. Ningeziacha wapi?

Na yeye anafanya anayoyasema. Akifika msikitini anatoa hela zote mfukoni, anaziweka ndani ya helmeti, anafunika na koti, anaiacha juu ya pikipiki. Wiki tatu zilizopita ametoka kuswali Alasiri, helmeti ipo, koti lipo, hela hakuna. Shilingi 23,000, na ndani yake hesabu ya bosi ya siku mbili. Bosi amempa mwezi mmoja awe amelipa, la sivyo anachukua pikipiki yake.

Baadaye nilikwenda msibani Kondoa, nikamwachia kibanda kwa siku moja. Niliporudi nikakuta kwenye mauzo noti ya 2,000 ambayo uso wa simba umefutwa kwa kalamu ya wino wa bluu. Amekandamiza mpaka karatasi imechubuka. Macho hakuna, pua hakuna, yamebaki manywele ya shingoni. Nilipompa muuzaji wa jumla akanirudishia: "Mama, hii nibadilishie."

La mwisho ndilo lililonifanya nikuandikie. Sebuleni kwangu kulikuwa na picha ya mume wangu, amevaa kanzu nyeupe, ilipigwa siku ya Idd kwao Kondoa, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ndiyo pekee niliyo nayo. Jumatatu nimerudi sokoni nikaona ukuta mweupe na msumari. Nikaanza kutetemeka. Kumbe ameishusha, ameifunga kwenye kanga na kuiweka juu ya kabati. Hakuichana, hilo nashukuru. Nikamwambia huyu ni baba yako. Akajibu, "Mama, malaika hawaingii kwenye nyumba yenye picha. Unataka malaika wasiingie kwetu kwa sababu ya baba?" Sikuwa na jibu. Nililala na nguo za sokoni.

Sasa naomba unisaidie, Mwalimu. Swala zangu zimeharibika kweli? Mapazia ya tausi na mablanketi ya chui ninayouza ni haramu? Picha ya mume wangu niirudishe au nifuate anavyotaka mtoto? Na niongee naye vipi, maana nikimpinga anaona napinga dini.

Mama wa kibandani, Majengo

* * *

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu, na pole sana.

Nianze na hilo neno "bure", maana naona limekuumiza kuliko hata hela zilizoibiwa. Swala zako hazikwenda bure. Swala ina sharti zake na ina mambo yanayoibatilisha, na mwanao ukimuuliza atakutajia bila kusita, kwa sababu ni masomo ya mwanzo kabisa ya madrasa: twahara, sitara, kuingia kwa wakati, kuelekea kibla. Na katika yanayobatilisha: kutengukwa na udhu, kusema kwa makusudi, kula, kuacha nguzo. Mwombe akuonyeshe humo palipotajwa kubeba pesa yenye picha. Hatapaona, si kwa Shafii tunayemfuata wengi wetu huku wala kwa wale maimamu wengine watatu.

Tena swali lako ni la zamani sana. Imamu Bukhari, katika kitabu chake cha hadithi, ameliwekea mlango wake: mtu akiswali na nguo yenye msalaba au picha, je, swala yake inaharibika? Chini ya mlango huo akaleta hadithi ya Anas (r.a.). Bi Aisha (r.a.) alikuwa na pazia amesitiria upande mmoja wa nyumba yake, Mtume (s.a.w.) akamwambia amwondolee pazia hilo, kwa kuwa picha zake hazikuacha kumjia ndani ya swala. Itazame hadithi hii taratibu. Zile picha zilikuwa wazi mbele ya macho yake, zikamshughulisha, akaamuru ziondolewe. Lakini hakuikata swala, na hakuirudia. Ibn Hajar, aliyeisherehesha, amelishika jambo hilo hilo kuwa ni dalili kwamba swala haikuharibika. Kama swala inasihi na picha zikiwa mbele ya macho, noti iliyokunjwa ndani ya fundo la kanga, isiyoonwa na yeyote, itaiharibu kwa njia gani?

Sasa tuje kwenye pesa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni habari ambayo vijana wetu hawasimuliwi.

Mtume (s.a.w.) hakupiga sarafu yake mwenyewe. Watu wa Makka na Madina walitumia dinari za dhahabu zilizotoka Rumi na dirhamu za fedha zilizotoka Fursi, yaani Uajemi. Dinari za wakati ule zilikuwa na sura ya Kaisari Heraclius, nyingine amechorwa pamoja na wanawe, na ukigeuza nyuma unaona msalaba umesimama juu ya ngazi. Dirhamu zilikuwa na uso wa Kisra, mfalme wa Fursi, na taji lake, na nyuma yake madhabahu ya moto, ule moto waliokuwa wakiutukuza Majusi, na walinzi wawili wamesimama huku na huku. Nakuuliza, dada yangu, na umuulize mwanao kwa upole: kati ya simba wa noti ya 2,000 na madhabahu ya moto, kipi kizito? Hakuna Mtanzania anayemsujudia simba yule, wala kifaru wa noti ya 5,000, wala tembo wa noti ya 10,000. Sarafu za Fursi zilibeba alama ya ibada ya watu wengine waziwazi, na bado ndizo Waislamu wa mwanzo walizolipia mahari, walizonunulia ngamia na walizotolea sadaka.

Hata zakati yenyewe ilipimwa kwa hizo. Tunafundisha watoto kwamba nisabu, yaani kiwango ambacho mali ikikifikia hutolewa zakati, ya dhahabu ni dinari 20 na ya fedha ni dirhamu 200, na katika kila dirhamu 200 unatoa 5. Dirhamu zipi? Hizo hizo zenye uso wa Kisra. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alikuwa mfanyabiashara katika soko la Madina, mtu wa kununua na kuuza kama wewe, na adhana ilimkuta katika shughuli zake kama inavyokukuta wewe kibandani. Hatusomi popote kwamba masahaba walikuwa wakizimwaga sarafu nje ya mlango wa msikiti kabla ya kuingia.

Sarafu za Kiislamu zisizo na sura ya kiumbe zilikuja baadaye. Khalifa Abd al-Malik bin Marwan ndiye aliyepiga dinari yenye maandishi matupu, mwaka 77 Hijria, yaani 696 au 697 kwa kalenda ya Kizungu. Mtume (s.a.w.) alifariki 632. Hesabu mwenyewe, ni miaka zaidi ya 60 Waislamu wanaswali, wanahiji, wanatoa zakati na pesa za sura mifukoni. Khalifa alipozibadilisha alifanya jambo jema, lakini hakuna aliyewatangazia watu warudie swala walizoziswali kabla. Na jingine la kuzingatia: zile dinari mpya ziliandikwa maneno ya Qur'ani. Basi wanazuoni wakaanza kuulizwa maswali mapya: mtu asiye na udhu azishike? Aingie nazo chooni? Wengi wakaona kwamba mwenye haja ana ruhusa, kwa sababu pesa ni kitu ambacho mtu hawezi kutengana nacho. Unaona walivyokuwa wakiyapima mambo. Walitazama watu wanaishije, kisha ndipo wakatoa hukumu.

Huku kwetu pia ilikuwa hivyo. Masultani wa Kilwa walipopiga sarafu zao za shaba waliziandika kwa Kiarabu bila sura ya kiumbe, kwa sababu mtambo ulikuwa wao na uchaguzi ulikuwa wao. Lakini karne ya 19 Unguja na pwani nzima ilifanya biashara kwa riali ya fedha iliyotoka Austria, yenye kifua na kichwa cha malkia Maria Theresa, mwaka 1780 umegongwa juu yake. Masheikh walinunuliana nyumba kwa riali hiyo. Wakaja Wajerumani na rupia ya Kaisari wao, wakaja Waingereza na shilingi ya mfalme. Bibi yangu kule Mpwapwa alikuwa na shilingi hizo, upande mmoja kichwa cha Mfalme George, upande wa pili simba na milima nyuma yake. Alizifunga kwenye pindo la kanga kama wewe, fundo la kufunguliwa kwa meno, na alipoinuka kutoka sijda nilikuwa nazisikia zikigongana. Sijawahi kuona mwanamke mwenye ibada kama yule. Kwa hiyo unapouliza kuhusu swala zako nasikia unauliza na za bibi yangu, na ndiyo maana siwezi kulijibu swali hili kwa haraka.

Vijana wa darsa wanawaheshimu sana masheikh wa Saudia, nami sioni ubaya. Basi mwanao ajue kwamba Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin, ambao katika suala la picha walikuwa wakali, wote waliruhusu kubeba pesa zenye picha na vitambulisho, kwa kuwa watu hawana budi navyo. Riali ya Saudia yenyewe ina sura ya mfalme. Hujaji akitoka Dodoma, akifika Makka akabadilisha pesa, anatufu Al-Kaaba na sura hizo kiunoni mwake. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratul Hajj kwamba hakutuwekea uzito katika dini, na mafakihi wakatoa humo kanuni kwamba uzito huvuta wepesi. Pesa haitundikwi ikatazamwa, haifukiziwi ubani, haiombwi. Inakunjwa, inatiwa mfukoni, inachafuka, inapita.

Baada ya kusema hayo, naomba usimwone mwanao kama mtu anayezusha. Hadithi alizosikia zipo na ni sahihi. Mtume (s.a.w.) amesema wenye adhabu kali Siku ya Kiyama ni watengeneza sura. Amesema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa au picha. Imamu Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu, ameandika wazi kwamba kutengeneza sura ya kiumbe mwenye roho ni haramu, iwe kwenye nguo, zulia, dirhamu, dinari au ukuta. Ameitaja pesa kwa jina. Ila msikilize vizuri anachosema: hapo anazungumzia anayeitengeneza. Alipofika kwa anayekitumia kitu chenye sura alitofautisha. Kilichotundikwa ukutani au kuvaliwa kina hukumu yake, na kinachokanyagwa au kulaliwa kina yake. Nahisi mwanao amesikia sehemu ya kwanza ya darsa, na ya pili ama haikusomwa ama alikuwa amepata abiria.

Tofauti hiyo ndiyo inayotupeleka dukani kwako. Bi Aisha (r.a.) aliweka pazia lenye sura za viumbe, Mtume (s.a.w.) akachukia na kulivuta. Bi Aisha akalikata, akafanya mito, na Mtume akawa anaegemea. Kitambaa kile kile na sura zile zile, ila kimeshuka kutoka ukutani kikawa cha kuegemewa. Sasa angalia bidhaa zako. Blanketi la chui linalaliwa, mtu analiviringisha na miguu yake, hilo kwa Shafii halina tatizo. Mashuka vivyo hivyo. Vitenge vina riwaya nyingine, ile ya sahaba Abu Talha inayotoa nje ya katazo "chapa iliyo katika nguo", na wanazuoni wameifasiri kwa njia mbalimbali: wengine wakaona ni maua na mistari, wengine wakachukua hata sura bapa isiyo na kivuli, na kwa Wamaliki hiyo ni makruhu tu, yaani inachukiza bila kuwa haramu. Kwa kitenge cha ndege mkubwa kifuani, ushauri wangu ni kwamba mtu asikiswalie, ajifunike cha maua. Kuuza unaweza, maana mteja anaweza kukifanya foronya au mbeleko. Penye uzito ni pazia la tausi, kwa sababu pazia halina kazi nyingine ila kuning'inia, na ndilo hasa lililo karibu na lile la nyumba ya Bi Aisha. Hayo ningekushauri uyamalize yaliyopo, na ukienda tena kwa muuzaji wa jumla uchukue ya maua na ya mistari. Hutapata hasara, mapazia ya maua nayo yanatoka. Na ukifanya hivyo, mwambie mwanao kwamba umelifanya kwa sababu alichokisema kilikuwa na ukweli ndani yake. Kijana wa miaka 21 akisikia mama yake kamkubalia jambo moja, atakusikiliza katika lile lingine.

Kuhusu noti aliyoifuta uso, najua alikoitoa fikra hiyo. Kuna hadithi ya Jibrili (a.s.) kuchelewa kuingia kwa Mtume kwa sababu ya sanamu mlangoni, pazia na mbwa, akamwambia kichwa cha sanamu kikatwe liwe kama mti. Mwanao amekata kichwa cha simba kwa kalamu ya wino. Lakini yale yalikuwa mapambo ya nyumba, mali ya wenye nyumba. Noti leo iko kwako, kesho kwa muuza nyanya, na kuiharibu kwa makusudi ni kosa katika sheria za nchi. Na aliyedhurika ni nani? Ni wewe, uliyerudishiwa noti mbele ya wateja. Hiyo noti usimsukumie mwenzako gizani. Ipeleke benki, uwaeleze ilivyo, wakubadilishie.

Wewe ni wa Kondoa, unaijua Kolo. Ile michoro ya miambani, watu wembamba na wanyama kwa rangi nyekundu, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2006. Warangi wengi ni Waislamu tangu zama za mababu, adhana inasikika pale barabarani, na wazee wale hawakupanda mlimani na mawe kwenda kuikwangua. Walijua picha inayoabudiwa na picha iliyopo tu. Mkumbushe mwanao, babu zake walikuwa miongoni mwao.

Nimeiacha picha ya mume wako mpaka sasa kwa sababu hapa sitakupa jibu utakalolipenda lote.

Picha ya kamera wanazuoni wamehitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliona inajuzu, kwa kuwa kamera inazuia kivuli ambacho Mungu amekwisha kukiumba, mpigaji haumbi chochote. Wengi duniani wamechukua kauli hiyo. Wengine, wakiwemo hao masheikh wa Saudia niliowataja, wakaizuia isipokuwa kwa haja. Kuiweka picha kwenye albamu ni jambo jepesi kwa wanaoijuzisha. Kuitundika ukutani sebuleni, tena ya marehemu, ndipo hata baadhi ya wanaoruhusu picha wanaposita, kwa sababu ukuta unatukuza na maiti tunaelekea kumtukuza. Kwa hiyo katika hili mwanao ana hoja, nami nikiwa kwako ningeuacha ukuta ule bila picha. Suala la malaika nalo lina maneno: Khattabi, mwanazuoni wa hadithi, amesema malaika huzuilika kuingia pale penye picha isiyofaa kuwekwa, siyo ile iliyofunikwa au inayokanyagwa, na Nawawi akaona hadithi ni pana zaidi. Ukiichukua ile iliyo salama, ukuta mtupu na picha ndani ya albamu, hakuna atakayekulaumu.

Ila alivyoifanya, hapana. Huwezi kumwacha mama yako arudi kutoka sokoni akute msumari. Qur'ani imemkataza hata kusema "Ah" kwa wazazi wake, na katika Suratu Luqman mtoto aliyeshurutishwa na wazazi kumshirikisha Mungu ameambiwa asiwatii, lakini akae nao kwa wema duniani. Ikiwa kwa wazazi washirikina ni wema, kwa mama anayeswali swala tano ni nini? Angekuomba. Angesema, mama, naomba tuiweke kwenye albamu. Naamini ungelia kidogo ukamkubalia. Unamdai akuombe msamaha kwa hilo, na unayo haki ya kumwambia hivyo bila kupandisha sauti.

Maneno hayo usiyafanyie kibandani wala mbele ya wadogo zake. Ngoja usiku amekula. Usianze na "umekosea", anza na swali: mwanangu, masahaba walitumia pesa gani? Mwache akatafute mwenyewe, akamuulize ustadhi wake wa darsa. Kisha muombe mwende pamoja kwa sheikh mtu mzima, wa msikiti wenu au wa ofisi ya mkoa ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, mkae wote wawili mbele yake, kila mmoja aseme lake. Mimi ni mwalimu wa madrasa tu na barua yako ina upande mmoja. Sheikh atamsikia na yeye. Mkifika, usimsemee.

Na kuna moja la kumweleza kwa uzito, kwa sababu naona halijamgonga. Pesa ya bosi ni amana. Kulinda mali ni katika mambo makubwa matano ambayo sheria yetu imekuja kuyahifadhi. Kuacha hesabu ya mtu ndani ya helmeti barabarani, ili kukwepa jambo ambalo hata wanazuoni wakali wamelisamehe, ni kuacha la wajibu kwa ajili ya lisilo wajibu. Aitie suruali yake zipu ya mfukoni, au avae pochi ya kiunoni ndani ya kanzu, aswali nazo. Noti ikidondoka mahali pa sijda aichukue aifutike, aendelee.

Zile 23,000 asizikope kwako. Aende kwa bosi leo, asisubiri mwezi uishe, amwambie ukweli ilivyokuwa, alipe 1,000 au 2,000 juu ya hesabu ya kila siku mpaka ziishe. Na wewe Jumamosi nunua albamu, ziko nyingi maduka ya picha pale mjini. Usiiweke picha humo wewe peke yako. Mkae kitandani naye, yeye ndiye aifungue ile kanga.